Sahani ya Peke Yake

Mimi si mtu wa kukaa. Hata msibani, wenzangu wakiwa wametandika mikeka na kutulia, utanikuta jikoni napepeta mchele ambao mwingine keshaupepeta. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nimechelewa safari, na mpaka leo sijafika. Ndiyo maana ushonaji ulinifaa, maana cherehani ya miguu inamruhusu mtu akae huku anakwenda. Kwa hiyo nilipoambiwa hospitali kwamba dawa ya binti yetu ni mimi kukaa naye akila, nisisimame, nisimbembeleze, nisimkaripie, na akimaliza niendelee kukaa, nilijua tumekwisha.

Binti yetu ni mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu anaishi Mikumi, anafua na kupiga pasi mashuka kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, na zamu zake hazitabiriki. Binti alipofaulu kwenda sekondari tulikubaliana aje kwangu Kilosa, ninakoishi na mama yetu, asome kwa utulivu. Kwetu mtoto wa mdogo wako ni wako. Yeye ananiita Mama Mkubwa, na mimi nikimwita mwanangu sipambi maneno.

Alikuwa mtoto wa kusifiwa. Tulikula wanawake watatu kwenye sinia moja, mama, mimi na yeye, na mtaa mzima ulijua adabu yake. Alimnawisha bibi yake mikono kwanza. Alikaa wa mwisho. Kitoweo alikisogeza upande wa bibi, kisha akakumbuka chumvi, akainuka. Akakumbuka maji, akainuka tena. Tonge lake alilifinyanga vizuri, akalichovya, akalishika huku anatusimulia mambo ya shule, na hadithi zake zilikuwa tamu kuliko mboga. Mama akawa anawaambia majirani kwamba huyu ndiye mjukuu aliyefunzwa.

Sinia ni jambo jema, lakini halitoi ushahidi. Chakula kikiisha kimeliwa na watatu, na nani kala nini hakuna ajuaye. Mimi nakula kama ninavyofanya kila kitu, mbio mbio, na nadhani miezi ile nilikula la kwangu na la kwake, maana mama alikuwa akinitania kwamba nimeanza kupanuka kama mke wa mwenyekiti. Tulicheka wote. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Ikaja Ramadhani ya mwaka jana, akafunga mwezi mzima bila kuacha hata siku moja. Kwenye nyumba ya wanawake mwezi huo hauna siri. Kuna siku mmoja wenu anakunywa chai mchana nyuma ya nyumba, na hakuna anayemuuliza, kwa sababu kila mwanamke anazijua siku zake na deni analolipa baadaye. Binti hakunywa chai ya nyuma ya nyumba. Idi ilipopita akafunga siku sita za sunna, na sita zilipokwisha akaendelea na Jumatatu na Alhamisi. Mama, ambaye sifa yake kubwa Kilosa ni kwamba hajaacha kufunga tangu awe mwali isipokuwa kwa uzazi, alifurahi kama mtu aliyepata mrithi.

Siku moja nilikuwa naanua nguo zake nikaona kiuno cha sketi ya shule kimepunguzwa. Mshono ule haukuwa wangu. Mimi uzi wangu unatembea kwa hatua ndefu, na ule ulikuwa wa hatua fupi fupi, wa mtu mwenye subira. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yangu mimi nikiwa sokoni, akapunguza, na kwa matundu ya sindano yaliyobaki kwenye kitambaa haikuwa mara ya kwanza. Nikampelekea mama ile sketi. Mama aliitazama, akaiweka pajani, ndipo akatoa alilokuwa amelifungia moyoni. Akaniambia kwa kilugha chetu, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto huyu hajaona siku zake tangu kabla ya mfungo.

Nikauliza kama maana yake ni ile ninayoifikiria. Mama akasema wasichana wa siku hizi hujibana kiuno ili kuficha.

Hivyo ndivyo tulivyomtazama mtoto anayekwisha kwa njaa tukaona mimba. Nikilifikiria hilo leo nataka kucheka na nataka kumpiga mtu. Mdogo wangu alipigiwa simu, akalia huko Mikumi katikati ya mashuka. Kaka yetu, anayelima kijiji cha Ulaya, huku huku Kilosa, aliitwa siku hiyo hiyo, kwa sababu kwetu neno la mtoto ni la mjomba. Alikuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, akapokea shikamoo ya binti, akamkalisha na kumuuliza mwenye mimba ni nani. Binti akasema hakuna. Akamuuliza tena, taratibu, kisha kwa ukali, kisha taratibu. Binti alikuwa amevaa sweta, na ilikuwa joto la kukausha mihogo. Majirani walishaanza kupita pita mbele ya nyumba bila safari. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, walisemezana, na mimi nikatoka nje na ndoo ya maji machafu nikaimwaga karibu sana na miguu yao.

Tulikwenda zahanati asubuhi iliyofuata, kaka, mimi na yeye. Kipimo kikasema hakuna mimba. Kaka alishusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki. Lakini muuguzi hakutuachia. Alimwambia binti avue sweta ampime presha. Binti akasema anasikia baridi. Muuguzi akasema atamsaidia kuivua, akamsaidia.

Nilikuwa sijaiona mikono ile tangu lini? Tuliishi nyumba moja, tulikula sinia moja, nilikuwa fundi wa kupima watu viuno na mabega kutwa kucha. Sikuiona. Nilishikwa na hofu ambayo hata siku niliyofiwa na mume wangu sikuwa nayo, kwa sababu siku ile jambo lilikuwa limekwisha, na hili lilikuwa linaendelea mbele ya macho yangu na binti ananitazama kama aliyekamatwa akiiba. Muuguzi alisema mapigo ya moyo yako chini sana, twende hospitali kubwa bila kuchelewa, na kwa sababu mama wa binti alikuwa Mikumi tukampeleka Mikumi, bibi yake akafuatana nasi.

Penye wengi pana mengi. Kabla hatujaondoka tulishaambiwa ni jini, ni minyoo, ni mvulana, ni mtu kamfunga koo kwa wivu wa masomo. Mama alimleta mtu wa kuandika kombe, maji yaliyooshewa aya, binti akalinywa lote bila ubishi, na mama akapata matumaini kwa sababu angalau kuna kitu kimeshuka. Sikulidharau. Siku zile kama mtu angeniambia nitembee kwa magoti mpaka Chanzuru na kurudi, ningetembea, na ningefurahi kwamba kuna kitu cha kufanya.

Hospitalini walimlaza. Kwanza ulikuwa moyo, na damu, na dripu, mambo ambayo mtu unayaona na unaweza kuyaulizia. Kisha alikuja mshauri, muuguzi aliyesomea magonjwa ya akili, mwanamke kijana mwenye miwani. Alimpigia mama yangu shikamoo kwa kuinama hasa, akasubiri marahaba ifike ndipo akakaa. Nadhani ni kwa ajili ya shikamoo ile tu mama alimsikiliza yote yaliyofuata. Alitueleza kwamba binti ana ugonjwa wa kujinyima chakula, kwamba ni ugonjwa kweli kama malaria ilivyo kweli, na kwamba unaua.

Mama akauliza kama ni wendawazimu.

“Hapana, Bibi,” alisema. “Huenda uliingia kwa mlango wa ibada, au wa kutaka kupendeza, au wa kutaka kuwa mtoto mwema. Mlango si hoja tena. Sasa umekuwa mwenye nyumba, na yeye ndiye mpangaji.”

Mazungumzo ya binti na mshauri yalikuwa yao wawili, mlango umefungwa, na siyajui mpaka leo ila aliyonieleza mwenyewe. Ya kwetu sisi yalikuwa chakula. Mshauri alisema kwa sasa chakula ndiyo dawa, na dawa haibembelezwi wala haigombezwi, inatolewa kwa wakati wake na mtoaji anakaa mpaka imezwe. Asubuhi, saa nne, mchana, alasiri, jioni. Tusizungumzie unene wala wembamba, wa kwake au wa mtu mwingine yeyote, hata wa mbuzi. Akimaliza, mtu abaki naye. Na jambo la kwanza kabisa, ale kwenye sahani yake mwenyewe, iliyopakuliwa na sisi, ili kila mtu ajue kilichokuwemo na kilichobaki.

Hapo mama alijifunika ushungi usoni.

Lazima nieleze, maana anayekula kwenye sahani yake kila siku hawezi kujua tulichoambiwa. Kwetu anayepewa sahani ya peke yake ni mgeni asiyejulikana alikotoka, au mgonjwa wa kifua anayeogopwa, au mke aliyenuniwa na wakwe. Mama aliwahi kuona mtu akitengewa sahani utotoni mwake, na mtu yule alikufa peke yake kwenye kibanda. Alimwambia mshauri kwamba atamtunza mjukuu wake kwa kila njia ila hiyo. Mshauri hakubishana. Alimuuliza mama tu, kwa upole, kama anajua siku moja kabla ya kulazwa binti alikula matonge mangapi. Mama akauondoa ushungi usoni. Tulirudi na sahani.

Mdogo wangu asingeweza peke yake, na zamu zile. Nikafunga duka langu la ushonaji Kilosa, nikapakia cherehani kwenye fuso lililokuwa linapita Ulaya kwenda Mikumi, na mama akasema hatabaki peke yake kuzungumza na kuku, akapanda mbele na dereva. Tukawa wanawake wanne kwenye vyumba viwili vya mdogo wangu, hatua chache kutoka barabara ya malori. Kila lori la Zambia likipita vikombe vinacheza. Mtu wa utulivu angeumwa kichwa. Mimi niliyapenda malori yale, angalau kulikuwa na kitu kinachokwenda.

Siku ya kwanza ya sahani binti alilia kuliko alivyolia hospitalini. Hakulilia chakula, alisema, alilia kwa kuwa tumemtenga. Mama alikuwa nyuma ya pazia analia pia, na mimi katikati yao na sahani ya wali na kunde, nimekaa kwenye kigoda, meno yameuma ulimi. Nilikuwa nimefundishwa la kusema. “Hiki ndicho chakula chako. Niko hapa.” Basi. Hakuna la kuongeza. Mimi, ambaye sijawahi kusema jambo moja nikaliacha hapo hapo!

Kukaa kule kuliniua. Niliangalia ukuta, nikahesabu misumari ya bati, nikaona buibui ambaye angehitaji ufagio, na nisiende kuuchukua. Punje moja, kisha mapumziko. Punje mbili. Wali unapoa, unakauka, unakuwa kitu kingine, na wewe huruhusiwi kusema lolote ila yale maneno mawili. Nikajua kwa nini watu wanawapiga watoto. Sijampiga, lakini nilijua.

Siku moja alinyanyua macho kutoka kwenye sahani akatazama chini ya meza.

“Mama Mkubwa,” akasema, “unashona hewa.”

Nikatazama. Miguu yangu yote miwili ilikuwa inakanyaga sakafu, kisigino na vidole, kisigino na vidole, kama cherehani iko pale. Alicheka, na mimi nikacheka, na kwenye kicheko kile akapitisha kijiko kizima bila kukitazama. Nilimweleza mshauri, akaniruhusu niwe na kazi ya mkono, vifungo na pindo, mradi nisiondoke na macho yasizame kwenye uzi. Nadhani hakuna shati la mwanamume Mikumi ambalo kifungo chake kililegea miezi ile.

Mdogo wangu alikuwa na njia yake, na hakufundishwa na mtu. Akirudi zamu amechoka, mikono imevimba kwa sabuni, anakaa mbele ya binti yake saa ya chakula cha jioni na usingizi unamchukua pale pale, kichwa kinaanguka na kuamka. Binti alikuwa anamaliza chakula ili mama yake akalale. Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa hilo. Anasinzia na anafaulu, mimi niko macho kama askari wa geti na sahani inabaki nusu.

Nisidanganye kwamba nilikuwa mwema wakati wote. Kulikuwa na mchana mmoja alipokaa na ugali mpaka ukawa jiwe, na nilipoinua upande wa sahani nikakuta matonge yamefichwa chini ya mboga, nikapasuka. Nilimwambia kuna watoto Ulaya kwa mjomba wake wanaolala na uji mwepesi, na yeye anafanya chakula mchezo. Nilisema mengine ambayo sitayarudia. Mama alitoka ndani akanitazama, na hilo lilinitosha.

Binti hakukasirika, na kutokukasirika kwake kuliniumiza zaidi.

“Najua kuna watoto hawana chakula, Mama Mkubwa. Kila siku najua,” alisema. “Ila nikisikia njaa najiona nimeshinda. Nikila, nimeshindwa. Hata sijui nashindana na nani.”

Tulikwenda kwa mshauri sote wanne wiki ile. Binti aliyarudia maneno yale mbele ya mama yake na bibi yake, macho chini. Mshauri alituuliza sisi watu wazima tulikuwa tunamsifu binti kwa lipi alipokuwa mdogo. Mdogo wangu akasema, kwa kutokusumbua. Mimi nikasema, kwa kuwahudumia wengine kwanza. Mama akasema, kwa kufunga. Mshauri alisema hizo zote ni sifa nzuri na hakuna aliyekosea, ila ugonjwa umezichukua na kuzifanya silaha, na kazi yetu ni kumpa mtoto mahali pa kupendwa hata akiwa amekula na kushiba na hajamhudumia mtu. Mama alitoka mle akiwa mzito.

Mwili ulianza kurudi, polepole. Sipimi, na mshauri aliyekuwa anapima alimsimamisha akiwa ameupa mzani mgongo, asiione namba. Nilijua kwa sauti tu, maana sauti ilirudi kwanza. Akaanza kuzozana na mama yake kuhusu simu, akaanza kuniambia mashati ninayoshona yamepitwa na wakati. Alipata rafiki nyumba ya pili. Lakini ulikuwa uzima wa kuwekwa kiganjani. Daktari alisema moyo haujawa imara bado, na mshauri akatuambia kinagaubaga kwamba akirudi kwenye kujinyima hata kwa wiki chache, hatuna hakika atatoka tena.

Na Ramadhani ilikuwa inakuja.

Niliiona inakuja kama mtu anavyoona mvua ya masika kutoka upande wa milima, huna pa kuisukuma. Binti alianza kuuliza mapema. Daktari alikataa. Mshauri alikataa. Binti akasema hao si watu wa dini. Mama akampeleka kwa sheikh, na najua ndani ya moyo wake mama alitumaini sheikh atatoa walau nusu, siku moja moja, ili jina la nyumba lisimame. Sheikh alikuwa mtu mpole. Alimwambia binti kwamba mgonjwa kapewa ruhusa na aliyeumba ugonjwa na mwili, atalipa akipona, na kujidhuru kwa jina la ibada si ibada. Binti akasema sawa. Nilimjua binti huyu sasa. Sawa ile ilikuwa ya mtu anayefunga mlango taratibu ili usipige kelele.

Siku ya kwanza ya mfungo mdogo wangu aliondoka asubuhi kwenda kupiga pasi na kinywa kikavu. Mabanda ya chakula kando ya barabara yalishusha mapazia, mtaa ukawa na ule ukimya wa kinywa kitupu. Nilipika mchana nikiwa nimefunga. Wali, kunde za nazi, mchicha, na kipande cha samaki, na harufu ilikuwa inanizunguka shingoni. Nikampakulia. Nikaiweka sahani kwenye meza ndogo kwenye baraza la nyuma, nikakaa na shati la mtu na kifungo chake.

Hakuigusa.

“Wewe umefunga,” akasema.

Nikasema ndiyo.

“Bibi kafunga. Mama kafunga na pasi mkononi, kwenye joto lile. Halafu mimi nikae hapa mchana kweupe nijaze tumbo, kama mtu asiye na dini wala aibu.” Hakupaza sauti. “Siwezi, Mama Mkubwa. Leo siwezi. Jioni nitafuturu na nyinyi, nitakula kingi, naapa.”

Nikasema hiki ndicho chakula chako, niko hapa. Maneno yalitoka makavu. Akafunga mikono kifuani na kuitazama sahani kana kwamba iko mbali sana, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miezi, ile raha baridi ya anayeshinda. Nikaogopa. Nilitaka kumshika taya. Nilitaka kukimbia nimwite mshauri, nimpigie kaka, nimlete sheikh kwa kanzu yake aseme tena mbele ya sahani hii. Wali uliacha kutoa mvuke. Lori lilipita, kikombe kikacheza.

Mama alitoka ndani. Alikuwa na tasbihi mkononi, na magoti yake yanamsumbua kila jua linapokuwa kali, akashika nguzo, akashika ukuta, akaja akaketi kwenye kigoda kando ya mjukuu wake. Nilidhani amekuja kunisaidia kumsihi. Akaiweka tasbihi mapajani, akaniambia nimpakulie.

Nikadhani anataka awekewe cha futari. Nikamwambia bado mapema.

“Nipakulie sasa,” akasema. “Kwenye sahani.”

Mama huyu alifunga akiwa analima mpunga wa watu, jua kichwani na mtoto mgongoni. Alifunga mwaka wa mafuriko tulipolala juu ya kabati. Akipata homa anafunga, akitibiwa meno anafunga, na madaktari wawili wamemkataza kwa ajili ya umri wake akawaambia asanteni, akafunga. Niliingia jikoni, nikampakulia kidogo, nikamwekea mbele. Alinawa. Akasema bismillahi kwa sauti. Akafinya tonge la wali, akalipeleka mdomoni, akatafuna, na machozi yakawa yanamshuka mpaka kidevuni huku anatafuna.

“Bibi,” binti akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo, “usivunje saumu yako kwa ajili yangu.”

“Nani kakwambia ni kwa ajili yako?” Mama hakumtazama. “Mimi mzee. Mwenyezi Mungu kanipa ruhusa miaka mingi, nikamrudishia kwa kiburi changu ili watu wa Kilosa wanisifu. Nimechoka kusifiwa. Nina njaa.”

Sijawahi kumsikia mama yangu akisema neno lile juu yake mwenyewe. Utotoni kwetu chakula kikiwa kidogo alisema ameshiba, akatusogezea. Mwezi wa Ramadhani hakuna anayelisema nyumbani mwetu, tunasema tu jua leo ni refu. Mama alilisema mchana, siku ya kwanza ya mfungo, na mchuzi wa kunde vidoleni, kisha akafinya tonge la pili.

Binti alimtazama muda mrefu. Alimtazama mdomo, akamtazama mkono. Ile raha baridi ilikuwa imemtoka usoni, na mahali pake palikuwa na uchovu, uchovu mwingi wa mtu aliyekesha miezi na miezi analinda kitu. Mikono ikashuka kutoka kifuani. Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba kama lori lingepita tusingesikia.

“Hata mimi,” alisema. “Hata mimi nina njaa, Bibi.”

Mama akamwambia anawe mikono, chakula kinapoa.